Urithi hautunzwi kwa kufungiwa kabatini

Ndugu Mhariri,

Uganda Society, chama cha wasomi wa historia na utamaduni wa nchi, ilianza Entebbe mwaka 1923, na jarida lake, Uganda Journal, likaanza kutoka mwaka 1934. Maktaba yake imo ndani ya Makumbusho ya Uganda, Kira Road. Lakini muulize mwendesha boda anayepita pale kila siku kama anakijua chama hicho, sidhani. Naomba nafasi nieleze jinsi wenzao wa Bangkok, mji mkuu wa Thailand, wanavyofanya kazi kama hiyo, kwa kuwa kuna mengi ya kuiga na moja la kuepuka.

Chama cha huko, Siam Society (Siam ni jina la zamani la Thailand), kiliundwa mwaka 1904, na jarida lake likatoka mwaka huohuo. Mihadhara na maktaba wanayo, kama chama chochote cha wasomi. Kinachowavuta watu wa nje ni vitu vya kuonekana na kushikika. Katika kiwanja chao, mtaa wa Asoke, imesimama Kamthieng House, nyumba ya mti wa msaji iliyojengwa mwaka 1848 huko Chiang Mai, kaskazini mwa nchi. Ilivunjwa kipande kwa kipande, ikasafirishwa takriban kilomita 700, ikajengwa upya na kufunguliwa kwa umma mwaka 1966.

Kazi ya namna hiyo haivumilii haraka. Kwanza nyumba huchorwa na kupigwa picha ikiwa bado imesimama. Kisha kila nguzo, boriti na ubao hupewa alama, na alama hizo huandikwa pia kwenye mchoro. Alama ya chaki hufutika kwa mvua ya safari. Ya rangi, ikiwekwa upande utakaofichwa na kiungo, hubaki. Asiyefanya hivyo hufika na lundo la mbao nzuri asizojua mwanzo wala mwisho wake. Nyumba za Lanna, yaani za huko kaskazini, zina tabia yake: zimeinuliwa juu ya nguzo, kuta hupanuka kwenda nje kadiri zinavyopanda, na juu ya mlango wa chumba cha ndani huwa na ubao wa nakshi uitwao ham yon. Fundi aliyezoea kuta zilizonyooka anaweza "kuzirekebisha" akaharibu kila kitu kwa nia njema.

Jambo la pili ni safari za mafunzo zinazoongozwa na watafiti. Hapa kwetu safari kama hizo mara nyingi huharibika kwa sababu basi hujaa watu 60 na anayesikia ni aliye mbele tu. Watu 20 hadi 25 wanatosha. Watangulizwe na mhadhara siku chache kabla, ili pale penyewe muda utumike kuangalia, si kusimuliwa upya.

Napendekeza tuanze na lubugo, ufundi wa kutengeneza nguo kwa gome la mti uitwao mutuba, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Siku moja ya Jumamosi inatosha, ila iwe msimu wa mvua; wakati wa kiangazi gome la mutuba hugoma kutoka. Fundi hukwangua ngozi ya nje, hukata mzunguko juu na chini, hupasua kwa urefu, kisha hulibandua taratibu kwa kabari ya mgomba, maana chuma hujeruhi mti. Shina hufungwa majani ya mgomba mara moja. Likiachwa wazi hukauka na mwakani hupati kitu. Gome nalo hugongwa likiwa bado na unyevu, likiwa kivulini, kwa nyundo za mti zenye mistari: mipana kwanza, myembamba mwisho. Likikauka katikati ya kazi hupasuka. Mwishoni huanikwa juani, na hapo ndipo rangi ya udongo mwekundu hujitokeza. Wageni waruhusiwe kugonga, lakini kwenye kipande cha mazoezi, si kwenye nguo ya mtu ya kuuza. Na fundi alipwe ujira wa siku nzima, kwa sababu siku hiyo hana kazi nyingine.

Kwamba ujuzi wa mikono ndio wa kutunzwa, makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi ni ushahidi wa kutosha. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya pale iliyoezekwa nyasi, iliteketea Machi 2010, na makaburi yale yakatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023 tu. Nyasi hukatwa popote. Mkono wa kuziezeka kwa taratibu ya ukoo wa Ngeye hauagizwi dukani.

Sasa lile la kuepuka. Jarida la Siam Society kwa sehemu kubwa ni la Kiingereza, na mtu wa mtaani halimfikii, hata kama matoleo ya zamani yanasomeka bure mtandaoni. Sisi tukianza, fundi azungumze Kiganda, na awepo wa kutafsiri kwa Kiswahili kwa wanaotoka Arua, Gulu au Mbale. Gazeti lako nalo likiweka safu ndogo ya tarehe za mihadhara na safari hizo, wiki mbili kabla, watu wa mikoani watapata muda wa kupanga nauli.

Msomaji,
Kamwokya, Kampala