Land Cruiser ya 2F haitulii sailensa? Anza na moto, kabureta baadaye

Wenye FJ40 na FJ60, Land Cruiser za zamani zenye injini ya petroli ya 2F, hutuletea gereji malalamiko yaleyale: gari halitulii sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), linakula mafuta, mlimani linachoka, na kabureta imeshafunguliwa mara mbili tatu bila nafuu. Mara nyingi kabureta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye moto, yaani mfumo wa cheche za plagi, na kabureta ikachokonolewa ili kulificha.

Huanza hivi. Distributa ndiyo inayogawa cheche kwa plagi, na pointi ni swichi ndogo ndani yake: zikifunguka, cheche inatoka. Kile kipande cha pointi kinachosugua kamu ya distributa hulika taratibu, uwazi wa pointi ukapungua, pointi zikachelewa kufunguka na cheche ikachelewa nazo. Taiming, yaani wakati wa cheche kutoka, ikichelewa, injini inakosa nguvu ya kujishikilia ikiwa sailensa na inazima. Ili isizime, skrubu ya sailensa inakazwa. Kipepeo cha kabureta sasa kiko wazi kupita kiasi, kwa hiyo petroli inavutwa pia kwenye upenyo ulio juu ya ukingo wake, ambao ulitakiwa uanze kazi dereva akikanyaga mafuta. Kuanzia hapo skrubu ya mchanganyiko ni pambo tu. Izungushe utakavyo, mlio haubadiliki. Ndipo mwenye gari anaambiwa kabureta imekufa, ananunua nyingine ya bei rahisi, na tatizo linabaki palepale.

Ndiyo maana sisi hufuata mpangilio mmoja bila kuruka: vali, pointi, taiming, kisha kabureta.

Uwazi wa vali za 2F hupimwa injini ikiwa imepata joto: 0.20 mm za kuingiza hewa, 0.35 mm za ekzosi. Uwazi wa plagi uwe 0.8 mm. Wa pointi uwe 0.45 mm, zikipimwa pale kamu inapozisukuma wazi kabisa. Ukiwa na mita ya dwell (pembe ya mzunguko ambayo pointi zinakuwa zimefungana), tafuta digrii 41. Pointi zikiwa zimeungua na kuota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha na kondensa pia, la sivyo mpya zitaishia vilevile. Shika shafti ya distributa uitikise kwa vidole. Ikicheza, hakuna seti ya pointi itakayokaa, na kwenye taa ya taiming, inayomulika kila cheche inapotoka, utaona alama inarukaruka.

Pointi hutangulia taiming kwa sababu ukigusa uwazi wake, taiming imehama. Kinyume chake si kweli.

Alama ya taiming ya 2F haiko kwenye puli ya mbele kama magari mengi. Iko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, nayo huonekana kupitia kidirisha kidogo karibu na starta. Utakachokitafuta ni gololi ndogo ya chuma iliyopachikwa kwenye flaiwili. Hapo ni digrii 7 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Usiichanganye na mstari wa pistoni kuwa juu. Baada ya miaka ya matope na grisi gololi haionekani, kwa hiyo isugue kwa kitambaa chenye petroli, injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha itie tone la rangi nyeupe.

Washa injini ipate joto. Chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye distributa uuzibe, shusha sailensa hadi mizunguko 650 kwa dakika, halafu mulika kwa taa ya taiming. Sailensa ikiwa juu, vile vyuma vya ndani ya distributa, vinavyotanuka kwa kasi, vinakuwa vimeshaanza kuisogeza cheche mbele na utasoma uongo. Rota ya 2F, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa, huzunguka kama mshale wa saa. Ukizungusha distributa kinyume chake, cheche inawahi. Kanyaga mafuta kidogo: gololi lazima ihame kwenye kidirisha. Isipohama, vyuma hivyo vimeganda kwa kutu. Mwisho vuta mpira wa vakyumu kwa mdomo uzibe kwa ulimi. Bamba la pointi likisogea na kubaki hapo, sawa. Likirudi, dayaframu imetoboka.

Kama distributa iliwahi kutolewa, hakikisha mpangilio wa waya za plagi, kwa namba za silinda, ni 1-5-3-6-2-4.

Sasa kabureta. Ya Aisan ina kioo kidogo kwenye bakuli, na kioo hicho kinakwambia mengi kabla hujashika bisibisi. Petroli inatakiwa isimame katikati. Ikijaa hadi juu, sindano inayofunga petroli ina uchafu au boya limeingiwa mafuta. Utaona moshi mweusi na plagi nyeusi kama masizi. Ikiwa chini, angalia filta na pampu.

Gari linawaka vizuri kwa choki lakini ukiirudisha linazima? Gusa ile solenoidi yenye waya kwenye kabureta, inayofungulia petroli ya sailensa kwa umeme. Ukiwasha swichi ya gari lazima isikike "tak". Isiposikika, pima kama umeme wa volti 12 unaifikia. Waya uliokatika hapo umewauzia watu kabureta nyingi wasizozihitaji.

Kabureta ikipiga chafya, hewa inapenya mahali. Kagua mpira wa buster ya breki, kipande cheusi kati ya kabureta na manifoldi (bomba la kupitishia hewa kwenye injini), na gasketi ya manifoldi yenyewe. Pulizia maji kwa chupa ukisikiliza mlio. Wengine hupulizia dawa ya kusafishia kabureta, lakini kwenye 2F manifoldi ya ekzosi iko chini tu ya kabureta na inakuwa ya moto sana, sisi hatuthubutu.

Kila kitu kikiwa sawa, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi iguse, usiibane maana ncha yake inaharibika, kisha ifungue kama mizunguko miwili. Tafuta pale injini inapokwenda kasi na laini zaidi, weka sailensa 690, halafu kaza skrubu hiyo hadi ishuke 650. Achia hapo. Gari lililosetiwa Dar es Salaam na kuhamia Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, litakuwa na petroli nyingi kuliko hewa, turudishie tulisawazishe.

Ukituletea gari, usiliwashe asubuhi hiyo hadi litufikie, au liache lilale gereji. Tunataka kuliona linavyowaka likiwa baridi, kisha tena likiwa limepata joto na kuzimwa robo saa. Ukija na pointi ulizonunua mwenyewe hakuna shida, ila tutazikagua kwanza, na za zamani tutakurudishia mkononi.