Kwa nini tunakunyima vidonge vya kufunga tumbo

Kuna wateja wanaotoka kwenye duka letu la dawa hapa Mwanga, Kigoma, wamekasirika. Wamekuja na pesa mkononi, wametaja dawa kwa jina, loperamidi, nasi tumewaambia hatuwauzii. Wengi wao tumbo lao lina historia ya miaka. Walishapigwa kamera ya utumbo Mwanza au Dar es Salaam, wakaambiwa utumbo umevimba kwa ndani na una vidonda vinavyopona na kurudi, wakapewa cheti chenye jina gumu: kolaitisi ya vidonda, au ugonjwa wa Crohn. Wameshazoea kuishi nao. Kwenda chooni mara sita kwa siku kwao si habari. Hasira yao tunaielewa, na wanastahili maelezo.

Asubuhi moja alikuja mama wa Kibirizi, muuza dagaa, mteja wetu wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe vile vya kufunga tumbo, viwili tu vya leo."

Nikamuuliza hali. Akasema kuhara kumepungua tangu jana usiku, hata damu haioni sana. Ukisikiliza maneno tu, habari ilikuwa njema. Lakini khanga alikuwa ameishikilia kwa mkono, maana ncha zake hazikutani tena kiunoni. Jasho lilimtiririka na feni iko juu yake. Nilipomshika kifundo cha mkono nilihesabu mapigo 128 kwa dakika. Akaniambia tangu juzi ameshameza vidonge sita alivyonunua kwingine. Hatukumuuzia kitu. Tuliita bajaji, kijana wetu akaenda naye hospitali, na eksirei ikaonyesha utumbo mpana umejaa hewa na kutanuka. Alilazwa, akafungwa kula, akatundikiwa dripu, na daktari wa upasuaji akawa anampitia kila baada ya saa chache. Alirudi nyumbani bila kupasuliwa. Si wote wanaopata bahati hiyo.

Kilichompata hutokea kwa nadra, ila kikitokea hakisubiri kesho. Vidonda vikichimba mpaka kwenye misuli ya utumbo, misuli inalegea na kuacha kusukuma. Hewa na choo vinajikusanya, utumbo unapanuka kupita sentimita 6, ukuta wake unakuwa mwembamba na unaweza kutoboka. Kuhara kunapungua kwa sababu utumbo umeshindwa kazi, wala si kwa sababu umepona. Loperamidi hutuliza mwendo wa utumbo, na ndiyo faida yake kwa mtu aliyeharishwa na chakula cha safarini. Kwa utumbo uliovimba vibaya, dawa hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo inayoumalizia nguvu. Kodeini, tramadoli na morfini, dawa za maumivu makali, nazo zina hatari hiyo. Basi ukiwa na ugonjwa huu, tumbo likajaa na kuuma huku choo kimekata ghafla, una homa na moyo unakwenda mbio, usipitie kwetu. Nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Diklofenaki na ibuprofeni pia tutakuuliza maswali kabla ya kukupa, kwa kuwa zinaweza kuamsha vidonda vilivyokuwa vimetulia. Kwa kichwa au mgongo, parasetamoli inakutosha mara nyingi.

Yapo madhara mengine ambayo mgonjwa hayahusishi na tumbo kabisa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kwa mfano. Watu wenye ugonjwa huu damu yao huganda kirahisi zaidi, hasa wakati tumbo limechachamaa, na donge likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Tunawakumbusha hasa wanaopanda treni kwenda Dar, safari ya zaidi ya siku nzima: kunywa maji, inuka, tembea kwenye behewa. Jicho jekundu linalouma na kuchukia mwanga usilitie matone ya kununua tu. Linaweza kuwa limevimba kwa ndani kwa sababu ya ugonjwa uleule. Mwili kuwasha bila vipele na macho kuwa ya njano kunaweza kumaanisha njia za nyongo zinasinyaa. Wanaopata hili ni wachache, hawafiki 10 kati ya 100, lakini linaweza kuja hata wakati tumbo limetulia kabisa.

Kisha kuna suala la miaka. Utumbo mpana ukikaa na vidonda muda mrefu, hatari ya saratani hupanda taratibu. Ndiyo sababu madaktari hushauri kamera irudiwe ikifika miaka 8 tangu dalili zianze, hata kama unajisikia mzima. Baada ya hapo daktari atakupangia kati ya mwaka 1 na 5, kulingana na hali yako. Mwenye ugonjwa wa njia za nyongo hasubiri hiyo miaka 8: hupigwa kila mwaka tangu agundulike. Ambaye vidonda vyake viko mwishoni tu, kwenye njia ya haja kubwa, hatari yake haijazidi ya watu wengine. Safari ya kufuata kipimo hicho ni ghali kwa mtu wa Kigoma, tunajua. Ndiyo maana inafaa kuiwekea akiba mapema.

Na neno kwa ambaye hajawahi kupimwa: huku kwetu ziwani, kuhara damu kwa muda mrefu kunaweza kuwa amiba, kichocho au kifua kikuu cha utumbo, na vyote hivi vinaweza kufanana na ugonjwa tunaouzungumzia. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, aliyokubakizia jirani inaweza kukutuliza siku mbili tatu kisha ikaiachia amiba itoboe utumbo. Anza na kupima choo. Na wewe unayetumia prednisoloni kwa cheti, ukishapita wiki 3 usiikatishe ghafla hata ukijisikia vizuri, maana mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Dozi hushushwa polepole, kwa maelekezo ya daktari.

Dukani tuna daftari la wateja wa aina hii. Tunaandika mwaka dalili zilipoanza, dawa unazotumia na tarehe zinapokwisha, ili sulfasalazini na dawa nyingine za ugonjwa huu zisizokaa rafuni kila wakati tuziagize kabla hujaishiwa. Ushauri hatuutozi pesa. Ukija, njoo na cheti chako na kasha la dawa ya mwisho uliyotumia, hata kama liko tupu.