Barua kwa mwanangu: usiondoke na gari linalotetemeka

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Gari linatetemeka ukisimama na gia iko D, usukani unacheza, ukiweka N linatulia. Halafu unamalizia kwamba Ijumaa unaondoka nalo. Hapo kwenye Ijumaa ndipo nilipokwama. Usiondoke kabla hujajua kama inayosumbua ni injini yenyewe au ni mauntingi zinazoibeba.

Ukiwa kwenye kiti, mambo hayo mawili yanafanana, ndiyo maana watu hununua plagi na nozeli bure. Kwenye D injini inasukuma torki konveta, kiungo cha mafuta kati yake na giaboksi, huku breki imezuia magurudumu, kwa hiyo inabeba mzigo hata gari likiwa limesimama. Mauntingi zikichoka, mtikisiko huo unaingia moja kwa moja kwenye bodi. Fungua boneti. Mtu akae kwenye kiti, avute handibreki, akanyage breki barabara, apeleke gia D, R, kisha D tena, akigusa mafuta kidogo tu. Wewe simama pembeni, usisimame mbele. Ukiona injini nzima inaruka, mpira umepasuka, au mauntingi ya aina yenye kimiminika ndani imechuruzika weusi, jibu umelipata.

Injini ikitulia mahali pake, tazama mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Injini nyingi za petroli zikishapata moto hukaa kati ya 600 na 800. Ikishuka chini ya hapo ukiweka D na kuwasha AC, lakini inazunguka bila kuyumba, anza na throto, mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Masizi huziba upenyo mwembamba wa hewa ambao injini inautegemea mguu ukiwa nje ya pedali. Izime injini, isafishe throto kwa dawa yake na kitambaa. Kama throto ni ya umeme usilisukume bamba lake kwa kidole, utaharibu gia ndogo za ndani. Sailensi, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya pedali, ikipanda baada ya hapo usishtuke, kompyuta inajifunza upya. Utaratibu wake uko kwenye kitabu cha gari, kile ambacho hujawahi kukifungua.

Mshale ukiyumba na injini ikachechemea, hiyo inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma petroli sawasawa. Pima kwa mashine ya kusoma namba za makosa kwenye kompyuta ya gari. P0300 ni kumisi kwa silinda tofauti tofauti, P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. Ikitajwa silinda moja, hamishia koili yake, ile inayoipa plagi umeme, kwenye silinda nyingine, futa kosa, endesha, pima tena. Kosa likihama pamoja na koili, nunua koili moja, si nne. Lisipohama, fanya vivyo hivyo kwa plagi, ukifunga kwa mkono kwanza na injini ikiwa baridi. Likigoma tena, ni nozeli inayopuliza petroli, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kumisi kunakopotea ukifika 2,000 kuna sababu nyingine pia: bomba la mpira la hewa lililopasuka baada ya throto, au valvu ya EGR, inayorudisha moshi kwenye injini, iliyokwama wazi.

Kwa sikio umenizidi, nakubali. Si kila dereva angegundua kwamba kwenye N linatulia. Shida yako ni haraka.

Taa ya cheki injini ikipepesa, si kuwaka tu, punguza mwendo na usimame. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiunguza. Ndiyo sababu narudia: Ijumaa si lazima.

Fundi akikuambia akuongezee sailensi, mkatalie. Litatulia kweli, lakini ugonjwa utakuwa umefunikwa, na gia itaanza kuingia D kwa kishindo. Na lile nililokuambia mimi, la kuweka N kwenye foleni, lifute. Nalo lilikuwa kufunika, na nadhani limekuchelewesha.

Mama yako anasema ufunguo wa kabati umeondoka nao. Soketi yangu ya milimita 10 nayo iko kwako, usiniambie haipo. Blanketi zimefuliwa, zichukue ukipita.

Nijibu leo hii: ukiwa D, AC imezimwa, mshale uko kwenye ngapi? Ijumaa mabasi yapo.

Baba yako