Barua kwa mwanangu: hiyo karatasi usiisaini kwanza

Marahaba mama. Voisi noti yako nimeisikiliza mara nne, ya kwanza nilikua kwenye daladala sikuelewa vizuri kwa kelele, nikashuka Tandika nikakaa pembeni ya kibanda cha chipsi nikaisikiliza tena, na ile picha ya karatasi ya mkataba wa pambano uliyotuma nimeivuta mpaka herufi zikapasuka. Nimesoma kila mstari. Raundi nane, siku kumi na moja zijazo, nje ya nchi, dola 700, mpinzani ana mapambano kumi na nne na we huna hata moja la kulipwa. Nakuandikia badala ya kupiga maana nikipiga ntapandisha sauti na we utakata simu, tunajuana.

Kwanza naomba hili lisikupite, sikukatazi ngumi. Nilikukataza ulipokua na miaka kumi na mbili, ulisimama pale mlangoni na yale makaratasi ya shule mkononi ukaniambia baba nataka kwenda jimu na wewe, nikakwambia ngumi za wanaume, nenda kacheze netiboli na wenzako. Ulilia hukula usiku ule. Nilikosea na nshakuomba radhi ila leo narudia kwa maandishi uwe nayo.

Sasa huyo Claressa Shields, bondia wa Marekani uliyemuweka profaili tangu mwaka juzi, unajua babake alimwambia maneno hayohayo? Mzee mwenyewe alipigana zile ngumi za vichochoroni, akafungwa jela binti akiwa mdogo, akatoka binti ana miaka tisa, wakawa wanaongea habari za ngumi, akamsimulia kuhusu Laila Ali, binti wa Muhammad Ali. Mtoto akasema basi na mimi nataka. Baba akasema hapana, hiyo kazi ya wanaume. Baadae akalegea, na binti akaingia jimu ya Berston Field House pale Flint akiwa na miaka 11, mikononi mwa kocha Jason Crutchfield. Flint ni mji wa Michigan uliokua unaishi kwa viwanda vya magari, viwanda vikaondoka, umaskini ukabaki, halafu kuanzia 2014 hata maji ya bomba yakawa na madini ya risasi. Yaani huyu dada hajatoka kwenye raha, ndo maana naamini utanisikiliza nikimtaja yeye maana najua ukisikia mfano wa mtu aliyelelewa vizuri unasema baba hao walikua na hela.

We unamjua kwa mikanda. Mimi nataka nikwambie kuhusu miaka ya kabla ya mkanda, kwa sababu hapo ndo penye jibu la karatasi yako.

Amepigana ngumi za ridhaa, zile zisizo za kulipwa, mapambano 78 mama. Sabini na nane, akapoteza moja tu. Mwaka 2012 ndo kwa mara ya kwanza wanawake wakaruhusiwa kupigana Olimpiki, akaenda London ana miaka 17, uzito wa kilo 75, uzito uleule aliokuwemo Elizabeth Andiego wa Kenya, na fainali akamshinda Mrusi Nadezda Torlopova pointi 19 kwa 12. Dhahabu. Sasa mtu angedhani akirudi nyumbani maisha yashanyooka. Wapi! Makampuni hayakumkimbilia, matangazo hakupata ya maana, akarudi Flint ileile na medali yake shingoni. Hapo mtu yeyote mwenye njaa angegeuka kulipwa siku ileile, na angepata kisingizio kizuri tu, ana dhahabu na nyumbani kuna shida. Yeye akabaki kwenye ridhaa miaka minne mingine, akaenda Rio 2016 akachukua dhahabu ya pili, bondia wa kwanza wa Marekani kuchukua dhahabu mbili za Olimpiki mfululizo, wanaume wote wakiwemo.

Halafu ndo akageuka. Novemba 2016, Las Vegas. Na hapa ndo nataka uweke simu chini ufikirie kidogo: bingwa mara mbili wa Olimpiki, pambano lake la kwanza la kulipwa lilikua raundi nne. Nne. Na mpinzani wake, Franchon Crews, naye siku hiyo ndo alikua anaanza ngumi za kulipwa. Mtu mwenye mapambano 78 walimpa raundi nne na mwenzie anayeanza. Wewe mwenye tisa ya ridhaa wanakupa raundi nane na mtu wa mapambano kumi na nne. Huyo aliyekupigia simu hajakuona kipaji mama, ametafuta jina la kujaza nafasi kwenye kadi yake, orodha ya mapambano ya usiku ule, baada ya mtu kujitoa, na anajua vizuri nani anatakiwa kushinda usiku ule kwa sababu tiketi zinauzwa kwa watu wa huyo mwingine.

Najua unachotaka kuniambia, utaniambia mbona Fatuma Zarika, yule bondia wa Kenya, aliweza. Kweli, Zarika alitoka Nairobi akaenda ugenini, na ajabu ni kwamba alienda hukohuko Flint, Oktoba 2016, akamvua Alicia Ashley mkanda wa dunia wa WBC kwa pointi za majaji waliogawanyika. Mi nilifurahi siku ile kama ni dada yangu. Lakini Zarika alipopanda ndege ile alikua na mapambano ya kulipwa zaidi ya thelathini mwilini, alishapigwa, alishapiga, alishajua raundi ya tisa inauma wapi. Hakupelekwa kujaza nafasi.

Sasa nikwambie kitu sijawahi kukwambia chote. Hili jicho la kushoto linalonitoa machozi kwenye upepo, nilikuambia ni ajali ya mazoezini. Si ya mazoezini. Mwaka ambao mama yako alikua na mimba yako nilipigiwa simu kama uliyopigiwa wewe. Siku nane. Nikatakiwa nishuke kilo sita. Nilivaa mifuko ya nailoni ndani ya sweta nikawa nakimbia saa saba mchana, usiku natema mate kwenye chupa ya maji ili uzito ushuke, mwisho hata mate yakakata, ulimi ukawa kama kipande cha gozi. Siku ya kupima nikaingia kwenye uzito nikarusha mikono juu kama nshashinda. Raundi mbili za kwanza nilikua vizuri. Ya tatu nikawa naiona ngumi inakuja, naiona kabisa mama, kichwa kinasema inama na mwili hausikii. Hicho ndo kitu ambacho mtu akikueleza huamini mpaka kikukute, ngumi inakuja polepole na we uko kama umefungwa kamba. Kona yangu, yaani msaidizi wangu, alikua mtu niliyekutana nae asubuhi ile, hakurusha taulo pambano lisimamishwe. Baada ya pambano promota akanipa bahasha koridoni, nusu ya tulichokubaliana, nusu nyingine akasema imekatwa ya chumba na chakula, na daktari wa kunipima kichwa hakuwepo. Nikarudi kwa basi. Mama yako alinikuta stendi akanipita, hakunitambua uso.

Simsemi huyo mtu kwa jina na sitaki umtafute. Nakwambia ili uelewe kwa nini picha ya ile karatasi yako ilinifanya nikashuka kwenye gari.

Hata Claressa ameshaenda chini, ila angalia alikua na nini siku hiyo. Juni 2018, Detroit, pambano na Hanna Gabriels wa Costa Rica, raundi ya kwanza tu akapigwa akakaa kwenye turubai, mara ya kwanza maishani mwake. Tafuta ile klipu uiangalie bila sauti. Angalia anavyoinuka. Anainuka haraka, anaangalia refa, miguu iko chini yake, na raundi inayofuata anarudi kwenye jabu lake, ile ngumi ya mkono wa mbele, kama hakuna kilichotokea, akashinda kwa pointi za majaji wote. Watu wanasema ana moyo, sawa, moyo anao. Lakini ile ni akiba ya mwili mama. Alikua amekula, amelala, ameandaliwa miezi, kona yake inamjua, na ana mapambano themanini na kitu ya kumfundisha mwili nini cha kufanya kichwa kikizima kwa sekunde mbili. Mimi siku ile nilikua na moyo mkubwa kuliko huo, na haukunisaidia.

Halafu kuna ile habari ya Savannah Marshall, hii ndo naipenda kuliko zote na hapa nivumilie. Ile moja aliyopoteza katika 78, alipoteza kwa Marshall, Muingereza, kwenye mashindano ya dunia China, Mei 2012, miezi michache kabla ya London. Akaishi na jina hilo. Kila alikoenda akishinda kitu watu wanamkumbusha, lakini yule Muingereza alikupiga. Angeweza kumkimbilia mapema akiwa hajaiva. Badala yake akaenda anapanda ngazi zake, Christina Hammer 2019 akakusanya mikanda yote minne ya kilo 72, Ivana Habazin Januari 2020 akawa bingwa wa uzito tatu tofauti kwa mapambano kumi tu ya kulipwa, haraka kuliko mwanaume yeyote, Marie-Eve Dicaire Machi 2021 nyumbani Flint akakusanya minne tena uzito wa chini yake. Ndo Oktoba 2022 akakutana na Marshall London kwenye ukumbi wa O2. Lilikua lipigwe Septemba, Malkia akafariki, likasogezwa mwezi mzima, na kambi yote ikabidi waanze kupanga upya uzito. Kadi nzima ile usiku ule ilikua ya wanawake, hakuna pambano la mwanaume hata moja.

Niliangalia kwa simu ya jirani, kwetu ilikua usiku wa manane, umeme umekatika tumekaa kibarazani bando linaisha. Marshall alikua amemaliza watu kumi kwa KO, kabla ya kengele ya mwisho, katika kumi na mbili, mkono mzito kweli, na Claressa akamfuata hukohuko karibu, anaingia anapiga tatu anatoka upande, hakai mbele yake. Raundi kumi za dakika mbilimbili, nilikua nahesabu kwa vidole. 97-93, 97-93, 96-94. Miaka kumi alisubiri. Mi nililia, jirani akadhani nimepata habari ya msiba.

Baada ya hapo unayajua, amepanda mpaka uzito wa juu kabisa, Februari 2025 akiwa Flint kwao akamshinda Danielle Perkins akachukua mikanda yote ya huko, na mpaka Julai 2025 alikua na mapambano 17 ya kulipwa hajapoteza. Kati ya hizo KO ni tatu tu. Nakutajia hilo kwa sababu kwenye voisi umesema unataka umalize mtu mapema ili jina litoke. Jina la mwanamke anayeshika ngumi za dunia limejengwa kwa pointi, raundi kwa raundi.

Sasa mimi nafanya hivi. Hela najua ndo iliyokusukuma, ada ya chuo, na shangazi yako kaniambia ulimkuta analia. Nimeongea na mzee wa makochi, kuna oda ya hoteli seti kumi na mbili, nikizifunga mwezi huu napata karibu nusu ya ada na nusu tutaenda kwa awamu, nshaongea na watu wa chuo wamekubali. Dola 700 yao waache nayo. Huyo promota mjibu kwa heshima, mwambie baba yangu ndo anaangalia mikataba yangu, mpe namba yangu. Akiwa mtu wa kweli atapiga. Akinuna ushamjua.

Ukimaliza mashindano ya ridhaa ya mwaka huu na mwakani, tukae na kocha wako tuhesabu. Ukifika mapambano ishirini na tano hivi mi mwenyewe ntakupeleka kuomba leseni, tupime damu, macho na kichwa kabla ya kusaini chochote, na la kwanza liwe raundi nne, hapahapa nyumbani, na msichana anayeanza kama wewe. Mkataba utasomwa na mwanasheria, yule mtoto wa mzee Keko ameshasema atausoma bure. Kwenye karatasi lazima iandikwe nani analipa hospitali ukiumia. Kwenye hiyo uliyonitumia hakuna, nimeitafuta mara tatu.

Jumamosi napanda basi la alfajiri, Mwanza ntafika usiku, usihangaike kuja stendi ntachukua bodaboda. Nakuja na zile pedi zangu za zamani nimezishona upya kwa ngozi ya kochi, na bandeji ndefu, sio hizo fupi za dukani unazofungia. Nimeona kwenye video yako ya juzi unafunga bandeji inaanzia kiganjani inaishia kwenye kifundo, vidole umeviacha wazi katikati, hivyo ndivyo watu wanavyovunja mkono. Unaanza na kitanzi cha kidole gumba, mara tatu kwenye kifundo, mara tatu kwenye magumi, halafu unapita kati ya kila kidole unarudi kwenye kifundo. Jumapili asubuhi kabla ya kanisa la shangazi yako tutakaa uani ntakufunga mwenyewe, mkono wa kulia, halafu wa kushoto utajifunga mwenyewe mi nikiangalia.

Simu haizimwi usiku. Piga saa yoyote.

Baba yako