Kwa wanangu wagumu wa mlimani: habari za Meku wa huku chini

Wanangu wagumu, yaani wapagazi, wapishi na waongozaji wa njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro,

Nawasalimu. Wengi wenu tulionana siku tunamzika mdogo wangu, lakini siku ile haikuwa ya mazungumzo. Wengine mlikuja moja kwa moja kutoka getini, vumbi la mlima likiwa bado kwenye suruali, mkapokezana jeneza kwenye kile kijia chembamba cha migombani kama mnavyopokezana machela kule juu. Niliwaona. Asanteni sana. Sasa tanga limeanuliwa, ndugu wa Dar na Arusha wamerudi makwao, nami nina neno ambalo nikilinyamazia litanikaba.

Mlimwita Meku, yaani mzee, ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Alianza kubeba mizigo akiwa na miaka 19, akawa msaidizi, akapata leseni ya kuongoza wageni, akaendelea hadi magoti yalipomgomea. Nawasikia mkimsifu jinsi alivyoujua mlima: kwamba akiangalia wingu linavyokaa juu ya kilele cha Mawenzi anajua kama mvua itawakuta kituo cha Horombo. Ni kweli. Lakini mimi nililala naye kitanda kimoja utotoni, na nataka kuwasimulia Meku wa huku chini. Huyo wengi wenu hamkumjua, na ndiye ningependa mmwige.

Ameacha kaunta buku la kwaya mbili, jalada limetoka, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Ukilifungua mbele ni safari za mlima. Tarehe, idadi ya wageni, walifika wapi, nani aliumwa. Chini ya kila safari ameandika majina ya wagumu wote, hata yule aliyepanda mara moja tu akaacha kazi. Nilimuuliza zamani kwa nini anajisumbua. Akasema vitabu vinawataja Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni Oktoba 6, 1889, na sisi wa Marangu tunamkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza, lakini waliobeba vyakula na mahema nani anawataja? Yeye wa kwake atawaandika. Wengi mnaosoma barua hii mmo humo.

Ukiligeuza daftari ukaanzia nyuma, ni nyumbani. Ada ya mtoto wa pili, nusu ya kwanza. Ng'ombe amepandwa tarehe fulani. Zamu yetu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kijiji, ni Alhamisi. Mama watoto kaumwa jino. Kuna mahali ameandika "nimeahidi kurekebisha mlango wa banda", na mbele yake alama ya vema kwa kalamu ya rangi nyingine. Nimekaa na ukurasa ule muda mrefu. Mtu alikuwa juu, mita 3,720, baridi inauma, na kitu alichokumbuka kuandika kwa mwanga wa tochi ni mlango wa banda la ng'ombe.

Niwape mfano mmoja wa mlimani, kwa sababu unahusika. Mwaka mmoja alikuwa na mgeni mwenye nguvu, mtu wa mazoezi, aliyelipa fedha nyingi. Waliondoka kituo cha Kibo usiku kuelekea kileleni kama kawaida. Walipopita pango la Hans Meyer mgeni akaanza kuyumba. Meku akamwambia atembee hatua chache kwa kugusisha kisigino na vidole, kama anapita juu ya kamba. Hakuweza. Mnajua maana yake: ubongo umeanza kuvimba, na hakuna dawa inayoshinda kushuka. Mgeni akakataa, akatukana, akasema atashtaki. Meku akamshika mkono wakashuka. Asubuhi, walipofika Horombo, yule mtu alikuwa anakula uji na hataki hata kumtazama. Tipu hakutoa. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi wakati ule ilimweka benchi wiki kadhaa kwa kumuudhi mteja. Katika daftari kuna mstari mmoja tu: "Hatukufika. Tumeshuka wote."

Alirudi nyumbani mikono mitupu siku hiyo. Nilikuwepo. Hakupiga mtu kelele, hakugeuza hasira yake ikawa ya mkewe. Alivua buti nje, chini ya upenu wa paa, kama siku zote. Mtoto mdogo akaja kuchukua soksi huku ameziba pua, mkubwa akaleta beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaloweka miguu. Halafu akatoa mfukoni ile chokoleti ya chakula cha mchana, kipande kilekile ambacho kila safari hakukila, akakikata kwa kisu vipande vinne. Ndipo akamwambia mkewe: "Safari hii hatuna kitu." Shemeji akajibu, "Mtori upo." Wakala.

Wanangu, hapa ndipo ninapotaka kusema nanyi. Nakaa karibu na barabara ya kwenda getini. Nawaona mnaposhuka. Siku ya tipu baa zinajaa kabla jua halijazama, na kuna mama zenu na wake zenu ambao hukaa wakisikiliza mlango hadi usiku. Mtu amebeba kilo 20 siku tano au sita, amelala kwenye baridi, halafu fedha ile inaisha kabla haijaonja hewa ya nyumbani. Kunywa mbege na wenzako si dhambi, hata Meku alikunywa. Lakini alipita kwanza nyumbani. Aliweka fedha mezani mbele ya mkewe, wakahesabu wawili, kisha akatoka.

Jingine. Mtoto wake wa tatu alizaliwa Julai, katikati ya msimu, simu zinaita kila siku. Alizikataa safari zote mwezi mzima. Alichinja mbuzi, alipika mtori mwenyewe, alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani. Wanaume wa kijijini walimcheka, na nikiri kwamba mimi nilimwambia anapoteza bahati. Nilikosea. Yule binti sasa ni mwalimu, na ndiye aliyekaa na baba yake wiki zile za mwisho, akimgeuza kitandani kwa mikono yake.

Na jina hilo la wagumu lisiwadanganye. Kule kileleni hewa ni nusu ya ile ya pwani, na mapafu yako hayajui kwamba wewe ni mwenyeji. Ukiona kichwa hakiachi kuuma, ukiona unahema umekaa, sema. Msifiche kwa kuogopa kukosa safari ijayo. Nanyi waongozaji, mgumu akisema anaumwa, mshusheni kama mngemshusha mgeni. Meku alifanya hivyo mara saba. Nimehesabu kwenye daftari.

Nimalizie na maagizo ya shemeji yangu. Kurasa za mwisho zina majina ya vijana aliowakopesha, huyu nauli, huyu koti la mvua. Shemeji amesema asije mtu na fedha, madeni yale yamekwisha. Ila ameomba kitu. Mtoto wa mwisho yuko darasa la tano, hakuwahi kupanda na baba yake. Mkishuka mkapita, ingieni mumsimulie. Msimwambie mambo makubwa. Mwambieni alikuwa anaimba nini asubuhi, alikuwa anakaa wapi akila.

Pia kuna buti zake, namba 43, soli bado nzima. Shemeji hataki zikae ukutani zikaukia huko. Mgumu ambaye zitamtosha na hana nzuri za kupandia, aje azichukue. Aje mchana, chai ipo.

Mimi kaka yake,
Marangu