Noeli njema kutoka Portland, kutoka kwa mpiga gitaa wenu wa mi-solo

Ndugu na marafiki wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Nairobi, nanyi tuliotawanyika pamoja huku Maine, Marekani,

Jambo sana. Nawaandikia nikiwa dirishani. Theluji imefunika gari la jirani mpaka kwenye vioo vya pembeni, na saa kumi na dakika chache jioni jua limeshakwenda zake. Jikoni mke wangu, Mama Furaha, anakaanga sambusa za majaribio kabla ya zile za mkesha, na mimi ndiye ninayefanyiwa majaribio.

Salamu zangu za Noeli huwa fupi: afya tunayo, watoto wanakua, Mungu awabariki. Mwaka huu nimeona niwasimulie kiangazi chetu. Wengi wenu mliwachangia ndugu zetu waliokimbia vita na mna haki ya kujua pesa zilifika wapi. Wengine mliona picha yangu na kofia ya besiboli mkaniuliza kama nimeacha gitaa. Sijaacha. Ila picha ile ina historia yake, nayo inaanzia mbali kidogo.

Sisi tulifika hapa Juni 2019. Tulitoka Brazil kwa mabasi na kwa miguu, tukapita msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, ambao sitaki kuuandika katika barua ya sikukuu. Jiji likatufungulia Expo, ukumbi wa mpira wa kikapu, tukalala humo watu mamia kwenye vitanda vya kukunja. Chini ya kitanda changu ulipita mstari mweupe wa uwanja, na kila asubuhi nilipokuwa natafuta viatu niliuona. Expo imepakana na Hadlock Field, uwanja wa Portland Sea Dogs, timu ndogo ya besiboli iliyo chini ya Boston Red Sox. Hilo hatukulijua. Tulichojua ni kwamba jioni, watoto wakishalala, ng'ambo ya ukuta umati ungepiga kelele kwa pamoja, halafu kimya, kimya kirefu cha kumtia mtu wasiwasi, halafu kelele tena. Nilikuwa nalala chali natafuta mdundo wake. Mwanamuziki hawezi kujizuia. Nilihesabu nne, nikahesabu sita, sikupata kitu. Tarehe 4 Julai, fataki za Eastern Promenade zilipoanza kulia upande wa baharini, watoto watatu wasio wangu waliingia chini ya kitanda changu, na mmoja akanishika kifundo cha mguu mpaka zikaisha.

Sasa njooni mwaka huu wa 2025. Mwisho wa Januari waasi wa M23 wakachukua Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu kwetu. Watu wakavuka mto Ruzizi kukimbilia Burundi, wengi wao wakafikia uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke. Binamu yangu alinitumia picha kwenye simu: vitenge vimeanikwa juu ya goli, na mtoto kalala kwenye nyasi, kichwa juu ya dumu la njano. Niliitazama nikaukumbuka ule mstari mweupe. Usiku uleule nikampigia mpiga besi, naye akampigia mpiga ngoma, na huyo wa ngoma akasema alikuwa anangoja tu tumpigie.

Tulipiga mara tano kuwachangia, kuanzia Juni hadi Septemba. Mara mbili ukumbini kanisani, mara mbili bustanini, na mara moja kwenye ghala la mkulima mmoja mzee, ambako ng'ombe walijibu kila nilipopanda nyuzi za juu. Kwenye tangazo niliandika kwa fahari kwamba rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Sidhani kama kuna aliyesoma. Walikuja kwa ajili ya sambusa.

Mnajua mambo yetu ya matabishi: mama anainuka na kitenge chake, anakuja akicheza, anambandika mpigaji noti kwenye paji la uso lenye jasho. Wamarekani walioalikwa wao huweka hundi ndani ya bahasha, wanailamba, wanaifunga, wanaitia kapuni bila kumtazama mtu usoni. Onyesho la pili, bibi mmoja wa hapa, umri wa mama yangu, alikaa akiwaangalia akina mama wetu kwa muda mrefu. Mwishowe akamwuliza mke wangu kama anaruhusiwa. Akaruhusiwa. Akaja polepole na fimbo yake, dola tano mkononi, akambandika mpiga besi, noti ikaanguka, akalamba kidole akaibandika tena kwa nguvu kama stempu. Kuanzia hapo bahasha zilipungua na kapu likajaa zaidi. Hesabu zote za kapu anazo mhasibu wetu wa kanisa, na anayetaka kuziona ataonyeshwa mpaka senti ya mwisho.

Kuzifikisha ndiyo ilikuwa kazi. Benki za Bukavu zilifungwa tangu Februari, kwa hiyo pesa za kule zilipita kwa simu, kidogokidogo. Wakala mmoja alitukata makato ambayo bado nikiyakumbuka sambusa inanikwama. Walio Burundi wengi walishahamishiwa kambi ya Musenyi, kule Rutana, na huko binamu alinunua sabuni, sufuria, mafuta ya kula, na mahema mawili ya plastiki kwa familia ambazo zilikuwa zinanyeshewa. Alinitumia risiti zimekunjwa na kupigwa picha juu ya paja lake. Ninazo zote.

Basi, besiboli. Mpiga ngoma wetu ana jirani mwenye tiketi za msimu, na Julai mzee huyo alitupeleka Hadlock. Nilikwenda kwa adabu tu. Kwa saa nzima mrushaji anatema mate, anarekebisha kofia, anarusha. Mpigaji anaacha mpira upite. Kila mtu anarudi kusimama alipokuwa. Nikaanza kusinzia. Halafu gongo likatoa mlio mmoja mkavu, mpira ukapaa juu ya ule ukuta wa upande wa kushoto, ambao wameujenga wa mita 11 hivi kuiga ukuta wa Fenway Park kule Boston, watu wote wakainuka, na nyuma ya uwanja kamnara ka taa kakachomoza juu kama mtu aliyeitwa jina. Nikamshika mpiga ngoma bega. Hii ni sebene, ile sehemu ya rumba inayoinua watu kucheza! Ndiyo maana sikuupata mdundo mwaka 2019: nilikuwa nahesabu beti nikidhani ndiyo densi. Rumba yetu si hivyohivyo? Mwimbaji analalamika mapenzi dakika nne, wacheza wako kwenye viti wanakunywa, na anayekuja mara ya kwanza anadhani ndio wimbo wote. Mpaka gitaa la solo linafunguka na atalaku, yule wa kuwachochea wacheza kwa kelele, anashika maiki. Mimi mtu wa mi-solo, kazi yangu ni pale katikati, kati ya solo na akompa, gitaa la kushika mdundo, kuwaunganisha watu wasiogundua kwamba nipo. Kwenye besiboli nadhani ningekuwa yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kofia nikainunua palepale, bei yake tusiiseme.

Jambo la mwisho la kiangazi ni kulala nje. Huku watu wana nyumba nzuri, na ikifika Agosti wanalipa wakalale kwenye hema. Mama Furaha alikataa kata kata. Alisema ameshalala kwenye mahema ya bure ya kumtosha, ya kulipia hayataki. Ilimchukua wiki tatu, na mpaka leo sijui nani alimshawishi. Nadhani ni watoto. Tulianza polepole: meli ya kwenda kisiwa cha Peaks, dakika kama 20 hivi, tukala tukarudi. Kisha Ziwa Sebago, ambalo ndilo linatupa maji ya bombani. Nilikaa kwenye mchanga nikisikiliza. Ziwa kimya kabisa. Kwetu ziwa Kivu machweo yakifika wavuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu, wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, wanapiga makasia wakiimba, na sauti inafika ufukweni kabla hujaona taa. Mimi gitaa sikufundishwa na mtu wa gitaa, nilifundishwa na hao. Nikawaimbia watoto ule wito wao, nao wakaitikia, na familia ya hema la pili ikapiga makofi.

Tukamaliza kwa hifadhi ya Acadia. Nilimpigia mama nikiwa juu ya mlima Cadillac, bahari yote chini yangu, nikamwambia usiku tunalala kwenye hema. Akanyamaza. Kisha: "Mwana, uko na nyumba na unaenda kulala inje? Nani alikufukuza?" Nikamwambia hakuna aliyenifukuza, mama. Akaniambia nirudie.

Mvua ilinyesha usiku ule, hema likavuja upande wangu tu.

Haya, Noeli. Kwa walio Bukavu mnaokwenda misa mapema ili mrudi kabla ya giza, na kwa walio Musenyi, tunawataja kila jioni mezani kwa majina. Kwa walio hapa: mkesha wa tarehe 24 tutapiga kanisani, na kapu litakuwa pale mlangoni. Mazoezi ni Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Mpiga besi, tafadhali, saa kumi na mbili ya kwetu wote, si ya kwako. Bibi wa dola tano amesema atakuja na amenunua kitenge. Mwenye nafasi ya kumfundisha kukifunga afike mapema.

Noeli njema, Mwaka Mpya mwema. Nyuzi nimeshabadilisha.