Mikanda ya siti za nyuma inazikwa chini ya kava

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni fundi wa kushona siti za magari, Igoma, Mwanza. Kila mjadala wa mikanda unamlaumu abiria kuwa hataki kufunga. Wanaosema hivyo hawajawahi kuifungua siti ya Hiace.

Hiace nyingi zinatoka Japani na mikanda yake. Mwenye gari akija kuweka leza mpya, agizo la kwanza huwa, "Fundi, hizo kamba zizamishe." Eti zinanasa mizigo na kumkwaza konda. Basi kava linashonwa juu ya vifungio, mkanda unalala kwenye sponji. Ukikataa, anavuka barabara kwa fundi mwingine, na jioni gari liko njiani kwenda Magu, linang'aa kweli kweli. Sasa huyo abiria afunge mkanda upi?

Wengine wanasema unachafua nguo. Hapo wana hoja. Gari linalopakia dagaa kila alfajiri litamwachia mtu mstari mweusi kwenye shati jeupe. Lakini mbona kava zinafuliwa? Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ubane usirudi, sugua kwa brashi laini na maji ya sabuni, uache ukauke kivulini. Petroli na jiki usiguse, vinakula nyuzi.

Siti za magari yaliyopata ajali nazo huletwa kwangu. Ukiona mgongo wa siti ya mbele umelalia mbele, na nyuma yake leza imebonyea alama mbili za magoti, ujue aliyeupinda ni wa nyuma. Gari likitoka spidi 80 likagonga, asiyefunga anaendelea na 80 yake mpaka akutane na kitu, na kitu chenyewe mara nyingi ni mgongo wa mwenzake aliyefunga. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kufa hadi nusu. Wa mbele anaipata vipi nusu hiyo kama nyuma yake kuna mtu wa kurushwa?

Na mwendo umeongezeka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita hayapangi tena foleni ya kivuko. Ajabu ni kwamba watu wetu wa Ukerewe, baada ya MV Nyerere kupinduka mwaka 2018, wakipanda chombo wanauliza jaketi ziko wapi. Kwenye Hiace haulizi mtu.

Trafiki anachungulia dirisha la dereva, anaona mkanda umefungwa, anaruhusu. Ninachoomba ni kidogo: wakaguzi wapande, wakae siti ya nyuma kabisa, wavute mkanda mmoja baada ya mwingine. Usiotoka, gari lirudi kwa fundi wake, kava lifumuliwe kwa gharama ya mwenye gari. Kulifumua ni kazi ya asubuhi moja tu.

Fundi siti,
Igoma, Mwanza